UZI: "Daktari bingwa kila kaunti" ni ahadi tamu. Tuulize anatoka wapi

1/ Ukifuatilia mijadala ya afya Kenya, kuna sentensi hutaikosa: "Tutahakikisha kila kaunti ina madaktari bingwa." Watu wanapiga makofi, mada inabadilika, na hakuna anayeuliza hao mabingwa wanatoka wapi. Leo tuifungue. Kama kawaida yetu hapa, hakuna jina la mtu wala chama. Ila nina maslahi yangu, acha niyaweke mezani mapema: mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya kaunti, na nimeamua kutoenda feloshipu. Angalau si sasa.

2/ Kwanza ngazi, maana watu huzichanganya. Shule ya udaktari, miaka 6. Uanagenzi, mwaka 1. Halafu unakuwa yule daktari ambaye hospitalini anaitwa MO. Ukitaka ubingwa unarudi chuoni kusomea MMed, miaka 3 hadi 5 kulingana na fani, na huko unaitwa rejistra. Ukimaliza wewe ni bingwa: wa watoto, wa upasuaji, wa akina mama, ama wa magonjwa ya ndani kama mimi.

3/ Feloshipu iko juu ya hiyo yote. Bingwa wa magonjwa ya ndani anaongeza kama miaka 2 kubobea kwenye figo au moyo. Bingwa wa akina mama anabobea kwenye saratani za uzazi. Humu nchini nafasi ni chache na ziko kwenye hospitali kubwa, hasa Nairobi na Eldoret. Wengine huenda India au Afrika Kusini.

4/ Mtego mmoja wa maneno: ukisikia daktari wa upasuaji ana "fellowship" ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha ukanda wetu, hiyo mara nyingi ndiyo ubingwa wenyewe. Si ngazi ya ziada. Tena huyo alisomea ndani ya hospitali akiendelea kufanya kazi, si lazima aingie chuo kikuu. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani na kusema "tuna mafelo kumi", muulize: mafelo wa aina gani?

5/ Sasa siasa. Ahadi za afya hupenda vitu vinavyopigwa picha. Mwaka 2015 ulianza mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa kaunti: mashine za kusafisha damu, eksirei, vifaa vya ICU na vya upasuaji, hospitali mbili kila kaunti. Mahali pengine vimeokoa maisha, tusikatae. Mahali pengine vilikaa bila kazi kwa kukosa watu wa kuviendesha, ama maji, ama stima. Mashine inafika na lori siku moja. Mtu wa kusimamia kitengo cha figo anachukua zaidi ya miaka kumi kutengenezwa.

6/ Tukajaribu njia ya mkato. 2018 tukaleta madaktari 100 kutoka Cuba, wakasambazwa kaunti. 2023 serikali ikasema mkataba hautaendelezwa. Bishana utakavyo kama ilifaa ama haikufaa. Mimi naona jambo moja tu: bingwa wa kuazima akiondoka, anaondoka na ubingwa wake. Pengo linabaki pale pale.

7/ Basi kwa nini bingwa aliye hapa tayari asiende kubobea? Tupige hesabu ya mtu mmoja. Aliyeingia chuo na miaka 19, akafanya kazi kidogo kama MO, anamaliza MMed akikaribia miaka 33 au zaidi. Ana watoto shuleni, ana mkopo, ana wazazi wanaomtegemea. Feloshipu inamwambia: hama tena miaka 2, lipa karo na nyumba mjini. Na mshahara? Hapo inategemea. Kaunti ikikupa likizo ya masomo yenye mshahara, uko sawa. Isipokupa, unaishi kwa lokamu za usiku.

8/ Hili nalijua kwa ngozi yangu. Nikiwa rejistra, mwajiri wangu wa wakati huo alisimamisha mshahara kwa miezi kadhaa eti barua ya likizo "inashughulikiwa". Mchana nilikuwa wodini kama mwanafunzi, usiku nilikuwa kliniki ya watu nikitafuta kodi. Na kuna marejistra wanaojilipia, wanaobeba wodi za hospitali kubwa bila mshahara wowote. Ukitibiwa huko, huenda daktari aliyekuona usiku ndiye anayelipa ili awe pale.

9/ Sasa fikiria umevumilia, umerudi na ubobezi wa figo. Kule kwetu hakuna nafasi inayoitwa "daktari wa figo" kwenye orodha ya kazi za kaunti. Unarudi kwenye kiti kile kile, wodi ile ile, mshahara ule ule. Faida ya pesa iko kwingine: hospitali za kibinafsi mjini. Yaani tumejenga mfumo ambao ubobezi unamlipa anayeondoka, kisha tunamlaumu kwa kuondoka. Mimi nikienda leo, kwa hesabu hizo, uwezekano mkubwa ni kwamba kaunti yangu itapoteza bingwa mmoja na haitapata mbobezi hata mmoja.

10/ Kuna hoja nyingine ambayo haisikiki majukwaani: bingwa wa jumla si daktari aliyeshindwa kumaliza ngazi. Asubuhi moja wodini kwangu kuna kisukari, kiharusi, TB, moyo uliochoka na figo zinazoanza kulegea, wakati mwingine kwa mgonjwa mmoja. Hapo anahitajika mtu wa kushika yote kwa pamoja. Tukiondoka wote kwenda kubobea, nani atamtambua mapema yule wa figo kabla hajafika kwenye mashine?

11/ Lakini sitaki kupaka uamuzi wangu rangi. Una gharama, na si mimi ninayeilipa. Kitengo chetu cha kusafisha damu kinasukumwa na wauguzi waliosomea figo, na kwa kazi ya kila siku wako imara kuliko mimi. Likija jambo linalotaka daktari wa figo hasa, nampigia aliye Nairobi. Akisema "mlete," naandika rufaa, na familia inaanza kuchanga nauli. Wengine hurudi wakiwa nafuu. Wengine hawafiki kabisa kwa sababu mchango haukutosha. Kwa hivyo usinielewe vibaya: nasema tu kwamba nikienda bila mpango, hao watu hawatanipata.

12/ Najua jibu la wengi: "Wafungeni kwa mkataba. Mkisomeshwa, lazima mrudi." Naunga mkono. Ila mkataba una pande mbili. Mimi niahidi kurudi miaka kadhaa. Kaunti nayo iahidi kwamba nikirudi nitakuta nafasi yenye jina na bajeti, kitengo chenye dawa, na wauguzi wa kutosha. Kumfunga daktari arudi kwenye chumba kitupu ni kumfundisha kuhesabu siku.

13/ Na lawama ni ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kitaifa sera ya afya na hospitali kuu za rufaa. Kaunti inapewa huduma za afya za kaunti. Ndiyo maana mchezo wa kurushiana mpira ni rahisi: kaunti inasema mafunzo hufanyika kwenye hospitali za kitaifa, kitaifa wanasema wafanyakazi ni wa kaunti. Wote wanasema kweli nusu. Mgonjwa anaishi kwenye nusu iliyobaki.

14/ Tumezoea kuongea kuhusu madaktari wakati wa mgomo tu. Wa 2016 hadi 2017 ulidumu siku 100, wa 2024 siku 56. Mafunzo na mishahara ya marejistra yalikuwa ndani ya malalamiko, lakini kwenye vichwa vya habari kulibaki neno "pesa". Msimu huu, anayekuahidi mabingwa muulize manne:

– Mwaka huu unapeleka madaktari wangapi masomoni, na wa fani gani?
– Watalipwa mshahara wakiwa huko, na bajeti yake iko wapi?
– Nani atashika wodi wakiwa hawapo?
– Wakirudi, nafasi yao imeandikwa kwenye orodha ya kazi?

15/ Akijibu mawili kwa takwimu, msikilize. Akikujibu kwa picha ya mashine, umeshajua. Mimi kaunti yangu ikinipa majibu manne kwa maandishi, nafunga mkoba wiki hiyo hiyo.

Kwenu hali ikoje? Andika kaunti yako na mgonjwa wa figo anasafirishwa wapi. Bila majina ya watu, tafadhali.