Kwa nini Afrika ilisusia Kombe la Dunia la 1966?

Fainali za Kombe la Dunia za 2026 nchini Marekani, Canada na Mexico zimepangiwa timu 48. Nafasi tisa za moja kwa moja ni za Afrika, na ya kumi huweza kupatikana kupitia mchujo dhidi ya timu za mabara mengine. Kwa kijana anayefuatilia mpira leo redioni, hilo ni jambo la kawaida. Lakini miaka 60 iliyopita Afrika haikuwa na hata nafasi moja ya uhakika. Katika makala hii tunaeleza jinsi nafasi hizo zilivyopiganiwa.

Nafasi moja, mabara matatu

Misri ndiyo timu ya kwanza ya Afrika kucheza Kombe la Dunia. Ilikuwa mwaka 1934 nchini Italia, ikafungwa na Hungary mabao 4-2 na kurudi nyumbani baada ya mechi hiyo moja. Baada ya hapo ilipita miaka 36 bila timu nyingine ya Afrika kuonekana kwenye fainali.

Nchi nyingi za bara letu zilipata uhuru mwanzoni mwa miaka ya 1960, zikaunda timu za taifa na kujiunga na FIFA. Zilitarajia kupata nafasi katika fainali za 1966 nchini Uingereza. FIFA ikagawa nafasi 16 hivi: Ulaya 10, wenyeji Uingereza wakiwemo, Amerika Kusini nne, Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibiani moja. Nafasi moja iliyobaki iligombewa na Afrika, Asia na Oceania. Maana yake ni kwamba timu ambayo ingezishinda zote za Afrika bado ingelazimika kucheza na mshindi wa upande wa Asia na Oceania ili kwenda Uingereza.

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Viongozi wa soka wa Afrika hawakukubali. Ohene Djan wa Ghana na Tessema Yidnekatchew wa Ethiopia waliongoza madai kwamba bara zima linastahili angalau nafasi moja yake lenyewe. Kulikuwa pia na suala la Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, ambayo FIFA iliifungulia mlango mwaka 1963 na kuipanga iwanie nafasi upande wa Asia na Oceania. Ilifungiwa tena mwaka 1964, lakini mgawanyo wa nafasi haukubadilika. Timu za Afrika zikajiondoa.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Ghana, bingwa wa Afrika mwaka 1963 na 1965, ilibaki nyumbani ikiwa na kikosi chake bora. Nafasi ile ilichukuliwa na Korea Kaskazini, ambayo iliifunga Italia bao 1-0 na kufika robo fainali. Huko iliongoza mabao 3-0 dhidi ya Ureno kabla ya kufungwa 5-3. Aliyefunga mabao manne kati ya hayo matano ni Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ureno. Alimaliza mashindano akiwa mfungaji bora kwa mabao tisa, lakini jezi aliyovaa haikuwa ya nchi ya Afrika.

Mgomo ulizaa nini?

FIFA ilikubali kuipa Afrika nafasi moja kamili kuanzia fainali za 1970 nchini Mexico. Morocco ndiyo iliyoipata, ikatoka sare ya 1-1 na Bulgaria. Mwaka 1974 ilifuata Zaire, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ya leo, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara. Ilifungwa mechi zote tatu, ikiwemo 9-0 na Yugoslavia. Wengi Ulaya walicheka. Baadaye wachezaji walieleza kuwa waligundua posho zao hazitawafikia, wakaingia uwanjani wakiwa wamekata tamaa.

Mwaka huohuo ukaja uchaguzi wa rais wa FIFA. Ndani ya FIFA kila nchi ina kura moja, iwe tajiri au maskini, na nchi mpya za Afrika zilikuwa tayari nyingi. Mbrazil João Havelange aliahidi kuongeza timu kwenye fainali, akaungwa mkono na Afrika na kumshinda Mwingereza Stanley Rous. Fainali za 1982 zikawa na timu 24, na Afrika ikapata nafasi mbili.

Wakati huo matokeo ya uwanjani pia yalianza kusaidia madai. Tunisia iliifunga Mexico 3-1 mwaka 1978, ushindi wa kwanza wa Afrika katika fainali. Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2-1 mwaka 1982. Cameroon iliifunga Argentina 1-0 mwaka 1990 na kufika robo fainali, na fainali zilizofuata Afrika ikapewa nafasi tatu. Tangu 1998, timu zilipokuwa 32, nafasi za Afrika zikawa tano. Mwaka 2022 Morocco ilifika nusu fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo.

Na sisi Afrika Mashariki?

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hazijawahi kucheza fainali hizi. Nafasi tisa zimesogeza mlango karibu, lakini haujawa mwepesi. Katika mchujo wa 2026 Afrika iligawanywa makundi tisa, na anayeongoza kundi ndiye aliyefuzu moja kwa moja. Tanzania ilipangwa na Morocco. Kenya na Burundi zilipangwa na Ivory Coast. Hata hivyo Cape Verde, visiwa vyenye watu wasiofika milioni moja, iliongoza kundi lililokuwa na Cameroon na kufuzu kwa mara ya kwanza.

Mjadala wa mgawanyo nao haujaisha. Shirikisho la soka la Ulaya lina wanachama 55 na nafasi 16. La Afrika lina wanachama 54 na nafasi tisa za uhakika. Wanaotetea Ulaya hutaja vikombe ambavyo timu zake zimechukua. Wanaotetea Afrika hujibu kwamba asiyepewa nafasi hawezi kuonyesha uwezo wake. Hoja hiyo ya pili ndiyo waliyoitoa Djan na Tessema kabla ya 1966.