Vita vya Tabora Bila Farasi

Bunduki ilipoenea duniani, majeshi mengi yalipata aina mpya ya askari. Huyu alisafiri juu ya farasi, akafika mahali pa vita kabla ya adui kujipanga, kisha akashuka na kupiga risasi akiwa chini. Hakuwa mpanda farasi wa upanga na mkuki, kwani mnyama alikuwa usafiri wake tu. Makaburu wa Afrika Kusini walipigana hivyo na Waingereza kuanzia 1899 hadi 1902, wakalisumbua jeshi kubwa kuliko lao.

Unyamwezi, nchi inayozunguka Tabora magharibi mwa Tanzania ya leo, nako bunduki zilijaa katika karne ya 19, zikipanda kutoka pwani kwa njia ya Bagamoyo. Farasi hawakuzifuata. Miombo ya Tabora ni makao ya mbung'o, na mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaomdhoofisha farasi mpaka afe. Msafiri Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili. Wote walikufa mapema safarini, hawakuiona Tabora.

Hata hivyo, haja ya kuwahi ilibaki palepale, na Mtemi Mirambo wa Urambo aliitimiza kwa miguu ya watu. Rugaruga wake walikuwa vijana wenye magobore na mikuki, wasio na mizigo mizito, waliojilisha kwa walichokipata njiani. Walitoka katika jamii iliyozoea mwendo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani, safari ya miezi mitatu hivi, na walijua visima, vijiji na vichochoro vya pori.

Agosti 1871 ilionyesha thamani ya wepesi huo. Waarabu wa Tabora, pamoja na Stanley, waliishambulia himaya ya Mirambo. Kundi lao moja liliteka kijiji cha Wilyankuru, likaanza kurudi limeelemewa na pembe na mateka. Mirambo alikuwa amekwishatangulia kuwavizia kwenye nyasi kando ya njia. Kiongozi wao, Soud bin Sayd, aliuawa pamoja na wengi wa watu wake. Mwezi huohuo Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakuu wa Waarabu hao, akafa akipigana.

Gobore hujazwa kwa mdomo, na kulijaza upya huchukua muda. Kwa hiyo mlio wa kwanza ulikuwa na uzito mkubwa, na aliyechagua mahali pa kuupigia alikuwa na nusu ya ushindi. Kwingineko farasi ndiye aliyempa askari nafasi hiyo. Huku Unyamwezi aliipata kwa kutembea haraka na kuifahamu njia.

Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia dhidi ya Wajerumani waliotawala nchi hii, wageni walijaribu tena kutumia farasi. Jenerali van Deventer aliongoza askari wapanda farasi wa Afrika Kusini hadi Kondoa Irangi. Walifika upesi, lakini maradhi yaliwaangamiza farasi wao kwa wingi. Tabora ilitekwa tarehe 19 Septemba na jeshi la Kibelgiji kutoka Kongo, askari Waafrika waliokwenda kwa miguu, nyuma yao wapagazi wengi mno.

Anayetaka kuvielewa vita hivi asihesabu bunduki peke yake. Amhesabu pia mpagazi, kwa sababu karibu kila risasi iliyofika Tabora kabla ya reli ilipita begani mwake.