Elimu Iliyomo Katika Jembe la Mhunzi

Apitaye karibu na kibanda cha mhunzi katika milima ya Usambara husikia mlio wa nyundo kabla hajamwona mwenyewe. Ndani mna mivukuto, makaa na fuawe, na mara nyingi kipande cha springi ya lori kuukuu ambacho kitageuzwa kuwa jembe au panga. Wako wanaoitazama kazi hiyo kama mabaki ya zamani yasiyo na faida kwa taifa linalotaka maendeleo. Hapana shaka wamekosea, kwani ndani ya jembe hilo limo jambo ambalo wataalamu wa mataifa makubwa wanalichungua hata leo.

Kila metali ni mkusanyiko wa atomu zilizopangwa safu kwa safu. Mpango huo hauwi kamili. Zimo kasoro, na metali inapopinda ni kasoro hizo zinazoteleza ndani yake. Jambo hili lilielezwa mwaka 1934 na wataalamu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa upande wake. Basi atakaye metali yenye nguvu hana budi kuuzuia mtelezo huo, na kizuizi kimojawapo kilicho bora ni mpaka baina ya tabaka na tabaka.

Mkulima wa Lushoto hatashindwa kulifahamu hilo. Maji ya mvua yakishuka mteremko mrefu ulio wazi huchukua udongo wote. Penye makinga ya karibu karibu, nguvu yake huvunjwa hatua kwa hatua.

Springi ya lori ni feleji. Mhunzi akiipasha moto hata iwe nyekundu, akaifua, kisha akaiacha ipoe hewani, aghalabu hujipanga ndani yake tabaka mbili kwa zamu: moja ya chuma laini, na nyingine ya mchanganyiko mgumu wa chuma na kaboni. Wataalamu huuita mpango huo perlaiti, kwa sababu chini ya darubini hung'aa kama lulu. Unene wa tabaka hizo hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kadiri chuma kinavyopoa upesi, tabaka huwa nyembamba na nguvu huongezeka. Lakini kikitumbukizwa majini kingali chekundu, perlaiti haipati nafasi ya kujipanga. Chuma huwa kigumu mno, tena chepesi kuvunjika. Mhunzi huenda hajapata kulisikia jina la perlaiti, walakini ajua lini atumie maji na lini asitumie.

Katika maabara ya Los Alamos, Marekani, wataalamu wamepanga tabaka za shaba na niobi zenye unene wa nanomita chache tu, wakapata kitu chenye nguvu mara nyingi kuliko shaba ya kawaida. Hata hivyo wembamba una kikomo chake. Tabaka zikizidi kuwa nyembamba, kasoro huanza kupenya mipakani, na nguvu haiongezeki tena.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Majirani wa Usambara, yaani Wapare, waliyeyusha chuma tangu zamani, na ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi. Lakini elimu yao ilikaa mikononi, haikuandikwa. Na elimu ya namna hiyo hufa pamoja na mwenyewe.

Milima hii ina somo jingine. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima matuta. Kuzuia mmomonyoko halikuwa jambo baya, lakini watu waliamriwa bila kushauriwa. Wakakataa, wakajiunga na TANU kwa wingi, na mwishowe mpango ukaachwa. Elimu inayoletwa kwa amri hukataliwa, hata ikiwa ya kweli.

Kwa hiyo yatupasa kwenda kwa mhunzi kwa heshima. Walimu wa fizikia na kemia wawapeleke wanafunzi kibandani, wamwulize mzee anayoyajua, wayaandike, nao wamweleze yale ambayo darubini imeyaonyesha. Kijana asomaye habari za tabaka kitabuni, asijue kwamba zimo katika jembe la babaye, amesoma nusu tu.