Mumunye Changa Nyuma ya Jiko: Mboga ya Mwezi wa Mei huko Kanduyi

Mwezi wa Mei si mwezi mwepesi kwa jamaa nyingi za Kanduyi. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za Machi yamefika kifuani mwa mtu, nayo yapendeza macho, lakini hayaliwi bado. Maharagwe ndiyo kwanza yanafunga maganda. Ghala la mwaka uliopita limeanza kuonyesha sakafu yake. Mwenye miwa naye hana nafuu, kwa maana muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa. Tangu kampuni ya sukari ya Nzoia ilipoundwa mwaka 1975, ardhi nyingi ya Bungoma iliyokuwa ya vyakula imeingia miwa, hata kwa nyumba nyingine miwa imefika karibu na ukuta wa jiko. Katika wakati kama huo, mmea uwezao kutoa chakula siku hamsini hivi baada ya mbegu kufukiwa wastahili kuangaliwa vizuri.

Mmea huo ni mmumunye, na hasa aina ile ambayo tunda lake huchumwa likiwa changa, lenye urefu wa inchi sita na ngozi laini ya kijani. Wauzaji wa mboga mijini huliita kojeti, kwa jina lililotoka Ulaya. Asili yake ni bara la Amerika, kama ilivyo asili ya mahindi na maharagwe, lakini aina hii ya kuchumwa changa ilikuzwa na wakulima wa kaskazini ya Italia katika karne ya 19. Kenya huilima kwa wingi katika mashamba makubwa ya mboga, na sehemu yake hupelekwa Ulaya kwa ndege. Ni ajabu kidogo kwamba mboga isafiriyo mbali hivyo ni ngeni bado kwa majiko mengi ya Kanduyi, penye udongo mzuri na mvua isiyo haba.

Mkulima wa sehemu hizo hana haja ya kufundishwa boga. Alilijua tangu utotoni, tunda na majani yake, ile seveve ipikwayo kwa maziwa. Lakini ujuzi huo wa boga ndio umponzao apandapo mmumunye. Boga hutambaa mbali. Mmumunye hukaa mahali pamoja kama kichaka. Boga huachwa likomae mpaka ngozi iwe ngumu, kisha huwekwa darini likangoja siku ya haja. Mumunye changa halingoji mtu. Tena majani yake yana miiba midogo yenye kuwasha, na mmea wenyewe unayahitaji, kwa hiyo atakaye seveve na aendelee kuichuma kwenye boga lake.

Shimo moja lenye upana wa futi mbili na kina cha futi moja na nusu latosha mmea mmoja. Udongo wa juu huwekwa kando, huchanganywa na karai moja ya samadi iliyooza sawasawa, kisha hurudishwa. Chuo cha kilimo cha Manor House huko Kitale, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimefundisha wakulima wengi kuchimba matuta ya mboga kwa kina mara mbili ya kawaida ili mizizi ishuke bila taabu, na mmumunye ni mmoja wa mimea ishukuruyo kazi hiyo. Mbegu mbili hufukiwa kwa kina cha inchi moja, na mche dhaifu hung'olewa baadaye. Kutoka shimo hadi shimo ni futi tatu. Mashimo matatu au manne yatosha nyumba moja. Apandaye ishirini bila kuwa na soko atawachosha watoto wake na jirani zake pia.

Maji humwagwa shinani, si juu ya majani. Katika miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, maji yaliyosuuzia mboga na vyombo, yasiyo na sabuni, yafaa kabisa, na ndiyo sababu ya kupanda karibu na jiko. Majani yakionyesha madoa ya kijivu kama fedha kufuata mishipa yake, mkulima asishtuke. Aina nyingi huzaliwa hivyo. Ugonjwa wenyewe ni ukungu mweupe ufananao na unga wa muhogo ulionyunyizwa. Huo huzuiwa kwa kuacha nafasi na kuondoa majani makuukuu. Tena ipo dawa isiyotoka dukani: mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha matokeo ya majaribio yake yaliyoonyesha kwamba maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, yakinyunyizwa kila juma, huupunguza sana ukungu huo katika mimunye.

Sasa kuna jambo liwakatishalo tamaa wengi. Mmea umesitawi, umetoa maua makubwa ya manjano, lakini tunda halionekani. Au vijitunda huonekana, vikafikia ukubwa wa kidole, vikageuka manjano na kuoza nchani. Wengine husema ardhi ni mbaya, wengine humlaumu muuza mbegu. Kumbe mara nyingi lililokosekana ni nyuki.

Mmumunye una maua ya namna mbili katika mmea mmoja. Ua la kiume husimama juu ya kikonyo chembamba kirefu. Ua la kike lina kikonyo kifupi, na nyuma yake pana kijitunda tayari, kama mimba ingojayo. Maua ya kiume hutangulia kwa siku kadhaa, na katika siku hizo hapana tunda liwezalo kupatikana, hata mkulima afanye nini. Kila ua hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, wala halifunguki tena. Katika muda huo mfupi lazima nyuki achukue chavua ya ua la kiume na kuifikisha kwenye ua la kike. Mvua ya asubuhi ikimzuia, au jirani akinyunyiza dawa ya wadudu saa hizo, kijitunda hufa.

Dawa yake ni rahisi hata mtoto wa shule aiweza. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi huchumwa ua la kiume lililofunguka siku ile ile, huchunwa petali zake, na ule mchi wenye unga wa manjano husuguliwa polepole katikati ya ua la kike. Ua moja la kiume laweza kuhudumia mawili au matatu ya kike. Baada ya siku mbili kijitunda kilichopata chavua kitaonekana kikinenepa.

Kutoka hapo mambo huenda mbio. Siku nne hadi saba baada ya ua kufunguka, mumunye limefika inchi sita na limekwisha kuwa tayari. Likiachwa siku tatu zaidi huwa kama rungu, mbegu zake hukomaa, na mmea hupunguza kuzaa, maana kwa hesabu yake kazi ya kupata mbegu imetimia. Achumaye kila siku ya pili, kwa kisu, akiacha kipande cha kikonyo, atachuma kwa majuma mengi. Aliyezoea kulitembelea boga lake mara moja kwa mwezi atapata marungu mawili na mmea uliochoka. Ikiwa tunda limetobolewa na nzi wa matunda na lina funza ndani, lisitupwe kando ya bustani bali lizikwe kwa kina kirefu, la sivyo nzi watazaliwa papo hapo.

Mbegu ni jambo la kuangaliwa zaidi. Tangu mwaka 1964, mahindi ya haibridi namba 611 yalipotolewa huko Kitale, wakulima wa nchi hii wamejua kwamba punje za haibridi zikipandwa tena hazizai kama mama yake. Mbegu nyingi za mumunye ziuzwazo madukani ni za haibridi pia. Lakini katika mumunye hasara yaweza kupita ya mavuno. Nyuki akichanganya chavua ya mumunye na ya vibuyu vya mapambo vya jamii hiyo hiyo, mbegu itokayo hapo yaweza kuzaa tunda chungu kama shubiri, na uchungu huo ni sumu ambayo moto wa jiko hauiondoi. Mwaka 2015 huko Ujerumani mzee mmoja alifariki baada ya kula mumunye chungu la bustanini. Mkewe, aliyekula kidogo tu kwa sababu ya uchungu ule, alipona. Kwa hiyo mpishi na akate kipande kidogo nchani, akionje kwa ulimi, akitemee mate. Kikiwa kichungu, tunda lote hutupwa na mmea hung'olewa, hata kama wageni wamekwisha kuketi.

Jikoni, mumunye lataka mkono mwepesi. Karibu sehemu tisini na tano katika mia za tunda hilo ni maji, na mpishi aliongezaye maji mengine hupata uji usio na ladha. Njia iliyo nyepesi ni kulikata miviringo yenye unene wa kidole bila kulimenya, kulinyunyizia chumvi, kuliacha robo saa litoe maji, kisha kulipangusa na kulikaanga katika mafuta yaliyopata moto, vipande vichache vichache, mpaka pande zote mbili ziwe na rangi ya kahawia. Baadaye vitunguu na nyanya hukaangwa katika sufuria ile ile, na vipande hurudishwa dakika mbili tu, bila kifuniko. Kwa ugali wa wimbi ni kitoweo kizuri.

Bungoma ni nchi ya karanga, na karanga zilizokaangwa zikasagwa hupatana na mumunye kuliko nyama. Unga wake hukorogwa kwa maziwa, huchemshwa mpaka uwe mzito, ndipo vipande vya mumunye vilivyokaangwa nusu hutiwa. Aliyezoea musherekha, ile chumvi ya majivu, hana haja nayo hapa. Kazi yake ni kulainisha majani magumu, na mumunye ni laini tangu shambani.

Watoto wasiopenda mboga hulila wasijue likiwa ndani ya chapati. Mamumunye mawili hukwaruzwa, hutiwa chumvi na kukandwa na unga wa ngano pasipo tone la maji, kwa sababu maji yatoka katika tunda lenyewe. Chapati zikatwe na kupikwa mara moja, maana donge hilo likilala saa nzima hulegea na kunata mikononi. Pwani hulipika kwa tui la nazi. Waitalia huyachukua maua ya kiume yaliyomaliza kazi, wakayachovya katika unga mwepesi na kuyakaanga, na ladha yake si ya kudharauliwa.

Na hata mchumaji mwangalifu hukuta siku moja rungu lililojificha chini ya majani. Hilo halitupwi. Hupasuliwa kwa urefu, mbegu zikatolewa kwa kijiko, na shimo likajazwa wali uliochanganywa na nyama ya kusaga, kitunguu na pilipili, kama wafanyavyo Wamisri na Waturuki, kisha hufunikwa katika sufuria yenye mchuzi mchache wa nyanya kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Likiwa gumu hata kisu hakipiti, hukatwakatwa kwa panga na kupewa ng'ombe.