Aloi, Bati na Kumbukumbu ya Umbo

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi ya metali ambayo wafasiri wa maandishi ya tiba na ya ufundi hukutana nayo mara kwa mara, yaani aloi yenye kumbukumbu ya umbo. Tutaanzia Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kwa sababu huko maneno ya metali si ya vitabuni tu, bali ni ya kazi za watu.

Tuanze na bati. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inajulikana kwa machimbo ya bati. Kwa mchimbaji wa huko, bati ni mawe mazito yatokayo ardhini. Kwa wananchi wengi wa mahali pengine, bati ni kitu cha kuezekea nyumba, ambacho kwa kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Neno ni moja, vitu ni viwili. Mtumishi akiandika "mauzo ya bati" bila maelezo, msomaji wa mbali atafikiri habari ni za duka la vifaa vya ujenzi. Kwa hiyo katika maandishi rasmi yafaa kusema "madini ya bati" kwa kile kichimbwacho, "metali ya bati" kwa kile kipatikanacho tanurini, na "mabati" kwa vile vya kuezekea.

Karagwe nayo ina funzo lake. Miongoni mwa vifaa vya enzi vya watawala wake wa Bweranyange zilikuwamo sanamu za ng'ombe za chuma. Kazi kama hiyo haikuwa ya ujuzi mmoja. Kulikuwa na kazi ya kutoa chuma katika mawe kwa tanuri na mivukuto, na kulikuwa na kazi ya kukifua chuma hicho kiwe jembe, mkuki au sanamu. Ya kwanza ni ya myeyushaji, ya pili ni ya mhunzi. Mfasiri anayewaita wote "wahunzi" anafuta nusu ya utaalamu.

Sasa tuje kwenye aloi. Aloi ni metali iliyopatikana kwa kuchanganya metali moja na nyingine, au na kitu kingine; shaba nyeusi, kwa mfano, ni shaba iliyochanganywa na bati. Aloi tunayoizungumzia hapa huitwa Nitinol, nayo ni nikeli na titani karibu nusu kwa nusu. Ukiikunja ikiwa baridi, hubaki imekunjika; ukiipasha moto kiasi chake, hurudia umbo ililopewa awali. Hutumika katika nyaya za kunyoshea meno na katika vyavu vidogo vya kupanulia mishipa ya damu.

Aloi hii haikuwa kazi ya mtu mmoja. William Buehler, mtaalamu wa metali katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, alianza kuichunguza mwaka 1959. Mwaka 1961, katika mkutano wa maabara hiyo, David Muzzey alikipasha kipande kilichokunjwa kwa moto wa kiberiti cha kiko, nacho kikajinyosha mbele ya wote. Mwaka uliofuata alijiunga Frederick Wang, mtaalamu wa fuwele, ambaye alisaidia kueleza jinsi atomi zinavyojipanga upya. Mmoja alitengeneza, wa pili alijaribu, wa tatu alieleza. Ni mgawanyo wa kazi ambao mhunzi na myeyushaji wa Karagwe wasingeushangaa.

Je, tuiiteje kwa Kiswahili? "Aloi hifadhi umbo" haifai, kwani umbo hupotea kwanza ndipo lirudi. "Aloi rejea umbo" ni nzuri zaidi, lakini mpira nao hurudia umbo mara uachiwapo. Huo ni unyumbufu, ni jambo jingine. Aloi hii hungoja. Hukaa katika umbo la kigeni mpaka joto liikumbushe. Kwa sababu hiyo neno "kumbukumbu", ingawa ni la wanadamu, ndilo libebalo maana yote. Twapendekeza "aloi kumbukumbu-umbo" katika vitabu, na "aloi yenye kumbukumbu ya umbo" katika maelezo.

Tunawaomba walimu wa Karagwe na Kyerwa wayajaribu maneno haya darasani, na tena mbele ya wachimbaji na wahunzi. Nikeli yenyewe imo katika ardhi ya jirani zao, huko Kabanga wilayani Ngara. Istilahi isiyoeleweka kwa anayeishika metali mkononi haijakamilika, hata ikiwa imekwisha kuchapishwa.