SPIKA ZA KUZUNGUKA CHUMBA: MANENO YASIKIKE KWANZA



Mara hii ukurasa wetu wa maendeleo unaeleza jinsi ya kuunganisha spika na kompyuta ya nyumbani. Siku hizi kompyuta ya mwanachama mmoja inaweza kuwa darasa la kikundi kizima. Watu wanakusanyika sebuleni jioni kutazama video za kilimo cha mahindi au za kutunza ng'ombe wa maziwa, na siku nyingine filamu ya mambo ya dini. Basi chama kinatoa pesa, spika 6 zinanunuliwa Eldoret au Kitale, na matata yanaanza. Kwenye filamu muziki unavuma lakini maneno hayasikiki. Kwenye video ya mafunzo spika za nyuma zinanyamaza kabisa. Watu wanasema tumeuziwa mbovu. Ngojeni kwanza!

KAZI YA KILA SPIKA

Mtindo huu unaitwa 5.1, maana yake spika 5 za kawaida na 1 ya besi. Wazo la kumzungushia mtu sauti si geni. Mwaka 1940 Walt Disney alionyesha filamu ya Fantasia mjini New York kwa spika zilizopangwa pande mbalimbali za ukumbi.

- Spika ya katikati, chini ya skrini: hubeba karibu maneno yote ya filamu.
- Spika 2 za mbele: muziki, na sauti za kushoto na kulia.
- Spika 2 za nyuma: mvua, upepo, kelele za mbali.
- Spika ya besi: mngurumo. Hii inaweza kukaa chini sakafuni, kwa sababu sikio halitambui sana besi inatoka upande gani.

Sasa shida ya kwanza inaeleweka. Kama kompyuta imeambiwa kuna spika 6, na nyinyi mmefunga 2 tu, maneno ya filamu yanatumwa kwa spika ya katikati ambayo haipo. Shida ya pili ni hii: video nyingi za mafunzo zilirekodiwa kwa njia 2 za sauti, au 1 tu. Hazina kitu cha kupeleka nyuma. Spika ni nzima, ila hazijapewa kazi.

JINSI YA KUFUNGA

1. Zimeni kompyuta na spika, mchomoe plagi. Stima ya ukutani ni volti 240, si ya kuchezea.

2. Angalieni matundu nyuma ya kompyuta. La kijani ni la spika za mbele, jeusi ni la nyuma, la rangi ya chungwa ni la katikati pamoja na besi. La pinki ni la maikrofoni, msiliguse. Kompyuta nyingi za kupakata zina tundu moja tu la sauti, nalo hutoa njia 2. Hiyo itahitaji kifaa cha nje cha sauti kinachochomekwa kwenye USB, chenye matundu ya kutosha.

3. Wekeni spika mahali pake. Fikirieni uso wa saa, mtazamaji yuko katikati na skrini iko kwenye namba 12. Spika za mbele ziwe kwenye 11 na 1. Za nyuma ziwe kati ya 3 na 4, na kati ya 8 na 9. Zisiwe chini ya masikio ya mtu aliyeketi.

4. Spika za waya 2: nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mkigeuza moja, besi inakuwa nyembamba.

5. Washeni kompyuta kwanza, spika mwisho. Wakati wa kuzima, anzeni na spika.

6. Iambieni kompyuta ukweli. Kwenye Windows fungueni mipangilio ya sauti, chagueni spika, kisha "Configure". Kama ni 2, chagueni "Stereo". Kama ni 6, chagueni "5.1 Surround". Bonyezeni "Test", na kila spika italia kwa zamu yake. Isiyolia, angalieni waya yake.

Waya zisipite mlangoni, watoto watajikwaa. Mvua ya radi ikija, chomoeni kila kitu.

NA KATIKA UKUMBI WA KANISA?

Hapo mambo ni mengine. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Katika ukumbi wa mita 17, neno linalotoka mbele linachelewa sehemu 1 ya 20 ya sekunde kumfikia wa nyuma. Mkiweka pia spika nyuma yake, atasikia neno lile lile mara mbili, na mabati na sakafu ya simiti vitazidisha mwangwi. Spika 2 zenye nguvu, mbele, juu ya vichwa vya watu, ni bora zaidi. Mapazia na mikeka hupunguza mwangwi.

KABLA YA KUTOA PESA ZA CHAMA

Ulizeni: tunataka kusikia nini? Kama ni mafunzo, spika 2 nzuri zinatosha, na pesa zinazobaki zinunue mbegu. Kama ni filamu sebuleni, 6 zina faida. Nendeni dukani na kompyuta yenu na video yenu, mjaribu hapo hapo. Chukueni risiti, mweka hazina aandike, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Je, mzee anayeketi nyuma husikia kila neno? Nani amemuuliza?
2. Nani atatunza spika, na nani ataruhusiwa kuziazima?
3. Sauti yetu inamsumbua jirani saa ngapi?