Mchunga na Chikori

Chikori si mmea wa asili ya nchi zetu, na jina lake limetufikia pamoja na habari zake kutoka Ulaya. Huko huota hata kando ya njia. Maua yake ni ya samawati, majani yake machungu huliwa, na mzizi wake hukaushwa, hukaangwa na kusagwa, ukafanywa kinywaji cheusi mfano wa kahawa, ila hauna ile nguvu ya kuondoa usingizi. Mwaka 1806, Napoleon alipokataza biashara na Uingereza, kahawa iliadimika katika Ufaransa, na watu wengi wakajizoeza kinywaji hicho. Apandaye chikori kwa ajili ya mzizi hana budi kulima kwa kina na kuondoa mawe, kwa maana katika ardhi ngumu mzizi hupotoka na kugawanyika.

Lakini sisi tukaao Makutupora hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tunao mchunga, ambao wataalamu wa mimea huuhesabu katika kabila moja na chikori. Vunja jani lake, utaona utomvu mweupe kama maziwa. Chikori nayo ni vivyo hivyo. Maua ya mchunga ni ya manjano, na mbegu zake zina nywele nyeupe zichukuliwazo na upepo. Mizizi yake hutambaa chini ya udongo, hata jembe likiikata, vipande huchipuka tena. Kwa hiyo mume huuita magugu, na mke huuita mboga. Tumesikia ugomvi shambani kwa jambo hili, na kwa kweli sisi tu upande wa mke.

Katika lugha, jina hili lataka uangalifu. Mchunga ng'ombe ni mtu, na wingi wake ni wachunga. Mchunga wa shambani wingi wake ni michunga. Jina la mtu latoka katika kuchunga. La mmea twadhani ni jamaa ya neno chungu, kwa kuwa ladha yake yashuhudia hivyo. Hata hivyo kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa kutosha.

Majani huchumwa yangali machanga, kabla ya maua, kwa kuwa yakikomaa uchungu huzidi. Huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa, kisha hupikwa kwa karanga zilizopondwa na kuliwa kwa ugali wa uwele au mtama. Wazee wengine hawamwagi maji. Wasema kwamba mboga isiyo na uchungu si mchunga.

Hapo ndipo pana jambo la kuangaliwa. Mzizi wa chikori una inulini, namna ya wanga ambayo matumbo yetu hayaisagi, nayo haipandishi sukari ya damu kama wanga mwingine. Watu huyasikia haya, kisha huyahamishia katika mchunga, wakanywa maji yake machungu na kuacha dawa walizopewa na tabibu kwa ugonjwa wa sukari. Tumewaona wafanyao hivyo. Sifa ya mzizi wa mmea mmoja si sifa ya majani ya mmea mwingine, wajapokuwa jamaa. Wenye ugonjwa huo na waule mchunga kama mboga, lakini wasiache dawa.

Mvua zikikoma mwezi wa Aprili, majani mabichi huwa haba. Kwa sababu hiyo wanawake wa Ugogo huanika mboga zao za mwitu mapema, wakaziweka kwa miezi ya kiangazi.